Ndege Wawili wa Nyegina

Wenzangu mliokulia Nyegina kabla simu hazijaingia, mnakumbuka ndege ndio waliokuwa wanatuamsha. Yule mweusi mgongoni, mwekundu tumboni, alikuwa analia kila mahali: uani, vichakani, mpaka kwenye miti ya misheni. Mimi niliamini wa tumbo jekundu ni aina hiyo moja tu. Dada yangu Nyangeta alikataa. Alidai ndani ya mafunjo, kule ziwani, kuna mwingine wa utosi wa njano.

"Umeota," nilimwambia.

Siku moja tulikwenda na mama kukata mafunjo ya mikeka. Nyangeta akajitosa ndani mpaka kiunoni, na sketi yake ya shule, akatulia humo huku ruba wakimnyonya. Mara akanionyesha kwa kidole. Kweli! Tumbo jekundu kama la mwenzake, ila utosi wa njano kabisa. Alirukaruka bua hadi bua, wala hakutoka nje ya mafunjo.

Mama alifoka: "Sketi ya shule ndo mnaendeaga matopeni?" Lakini jioni alitupakulia ugali wa muhogo na furu wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, tukala mpaka tukalamba vidole.

Mwaka jana mdogo wetu Magesa alitaka kuchoma mafunjo ya familia apande nyanya. Nyangeta, sasa bibi mwenye wajukuu, alipopata habari akapanda gari kutoka Bunda anakoishi asubuhi hiyohiyo.

"Yule wa uani hana shida, hata Mukendo mjini anaishi," alimwambia. "Huyu wa mafunjo hana kwingine. Wataalamu wanasema anakaribia kuingia hatarini."

"Dada, kwani ndege analipaga ada ya watoto?"

"Halipi. Na hapa huchomi. Chukua shamba langu la muhogo kule juu, panda nyanya zako. Maji nitakusaidia kubeba."

Magesa akarudisha kiberiti mfukoni. Nyangeta alibeba kweli, ndoo kichwani, na umri wake ule.

Vijana wetu husikiliza ndege kwenye simu, huku mwenyewe analia dirishani. Tunawaburuta ziwani hivyohivyo, wanalalamikia viatu vyao.

Enzi zetu mafunjo yalikuwa mengi mpaka yalitufichia ziwa. Leo majirani wamelima kulia na kushoto, kimebaki kipande chetu. Ni kidogo, unakizunguka hujachoka. Hatukichomi.