Kifuniko Kilichosahauliwa Chini ya Taa

Vibeke Thrane wa Aarhus aliviogopa vidole vyake kuliko wengine wanavyoogopa nyoka. Miaka thelathini na mmoja alihudumu maabara moja ya RNA, ule uzi mwembamba ambao seli huandikia maagizo yake, na uzi huo ukiguswa na kidole kitupu huyeyuka kama sukari mdomoni mwa mtoto. Basi Vibeke alivaa glavu. Kazini glavu, akimenya viazi glavu, na wasemao husema kanisani mchungaji alimvisha pete juu ya glavu. Mumewe alikana, ila naye hakuwahi kuviona vidole vile vizuri.

Maabara hiyo ilikuwa na ada yake: anayeboronga huoka keki, ikaliwa na wote siku ya Ijumaa, naye akasimama kueleza alivyoboronga. Vibeke alikula keki za makosa ya wenzake mpaka akanenepa. Yake hakuna aliyewahi kuionja.

Jumanne moja mbele yake palikuwa na visahani viwili juu ya barafu. Kimoja kilikuwa na seli za mtu mzima mwenye afya. Cha pili, seli za Alberte, msichana wa miaka saba aliyekuwa akianguka kifafa mara kumi kwa siku. Madaktari walishuku protini moja mwilini mwake. Protini hiyo kazi yake ni kupita juu ya uzi ikitafuta neno la herufi sita tu, UGCAUG, na kulishika. Asger, mkuu wa maabara, alisema hulitambua kama mtu apapasavyo ufunguo wake mfukoni: meno yakikaa sawasawa, ndio huo. Uzi ukijikunja ukalificha neno, protini hupita bila hata salamu. Je, ya Alberte ilikuwa bado inalijua neno lake?

Ili kujua, huwashwa taa ya mionzi, na protini hugandishwa palepale iliposhika. Kisha huvuliwa kama samaki, ikapigwa picha kuona ina nini mkononi: doa jeusi ikiwa imeshika neno, weupe ikiwa haikushika kitu.

Vibeke akawasha taa, akazima, akatoa visahani. Akanyoosha mkono kuchukua vifuniko mezani.

Kilikuwepo kimoja.

Cha pili kilikuwa juu ya kisahani cha Alberte, kimetulia kama kofia kichwani. Na mionzi ile haipiti plastiki.

Hakuna aliyeona. Kisahani hakikuwa na alama yoyote. Mwanga hauachi nyayo. Angenyamaza, picha ya Alberte ingetoka nyeupe, madaktari waseme protini yake imepofuka, na mtoto apewe dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Kwenye jokofu kilibaki kichupa kimoja cha seli zake. Kimoja tu, na kukiomba ni kukiri kosa.

Akakumbuka siku Alberte alipoletwa na mamaye, akamkazia macho.

"Mbona huvui glavu, bibi? Una makucha?"

"Marefu hivi," alimjibu, na mtoto akacheka mpaka akakohoa.

Jytte, mwenzake wa meza ya jirani, akamtazama. "Shoga, umeona jini?"

"Niache."

"Uso umekuwa mweupe kama maziwa. Na ulikuwa mweupe tangu mwanzo."

Vibeke hakucheka. Hatua kumi na mbili hadi mlango wa Asger zilimchosha kuliko kupanda baiskeli dhidi ya upepo wa bahari. Akashika kitasa kwa mikono miwili.

"Nimeacha kifuniko," alisema. "Cha mtoto."

Asger aliweka kalamu chini.

"Una hakika?"

"Ningekuwa sina, ningekuja?"

"Basi kamata kile kichupa cha mwisho, mama. Wewe mwenyewe. Mwingine simwamini."

Hilo lilimtisha zaidi. Siku zote seli zilipokua upya, Vibeke hakulala sawasawa. Siku ya taa ilipofika alitoa vifuniko, akavihesabu, akaviweka mbali, akarudi kuvihesabu. Jytte akamwambia akiendelea hivyo vitazaana.

Ijumaa ya pili picha ikatoka. Palikuwa na doa jeusi, zito, kwa Alberte kama kwa yule mwenye afya. Protini ililijua neno lake na kulishika. Basi mwizi aliyemwangusha alikuwa nyumba nyingine, na madaktari wakarudi kumsaka. Mtoto aliendelea kuanguka, na hofu ya Vibeke haikuisha, ilihama chumba tu.

Mchana huo huo aliingia na bati la keki ya nazi yenye sukari iliyokaangwa juu. Wote wakakaa. Akaliweka mezani, akasimama, akakohoa, akaanza kueleza, kisu mkononi. Alipomaliza akakishusha kisu akate keki, kikagonga bati, kikateleza.

"Bibi wee," Jytte alisema taratibu. "Kifuniko."