Sweta la Vumilia

Sufu iliyochemshwa ina harufu yake, harufu nzito ya kondoo aliyenyeshewa, na msimu ule ilijaa jikoni mwetu hadi ikaishinda harufu ya maharagwe. Tulikaa kwenye kilima kirefu juu ya mji wa Masisi, mahali ambapo ukungu hupanda kutoka bondeni asubuhi, ukaingia malishoni na kuwafunika ng'ombe, nawe ukabaki kuwasikia tu wakitafuna. Mtu wa mbali hudhani nchi yetu yote ni jua. Hajawahi kukamua kwetu alfajiri, vidole vimekufa ganzi, na joto pekee lililo karibu nawe ni mvuke wa maziwa yanayoingia chomboni.

Mama alikuwa amepata kwa wachuuzi wa mitumba koti la kufumwa, la rangi ya kahawia, kubwa kama blanketi na limeliwa na nondo viwikoni. Hakulichukua ili alivae. Alilifumua. Mimi nilikaa mbele yake nimenyoosha mikono, naye akauzungusha uzi kwenye viganja vyangu, akiukunjua taratibu kama mtu anayeamsha mtoto. Tuliuosha kwa maji ya moto, tukauanika ukining'inia na jiwe chini ili unyooke. Ulikuwa uzi mnene, karibu na unene wa kidole changu cha mwisho. Sindano zake za siku zote, spoki za baiskeli zilizonolewa, zilikuwa nyembamba mno kwa uzi huo, kwa hiyo Papa, ndivyo tulivyomwita baba yetu, akachonga mianzi miwili na kuisugua kwa majani ya msasa mpaka ikateleza.

Sweta lilikuwa la dada yangu mkubwa, Vumilia, aliyekuwa akiolewa na mwalimu wa Pinga. Pinga iko ndani ya Walikale, kaskazini, milima inaposhuka na msitu kuanza. Ilifikiwa kwa pikipiki, na penye tope abiria alishuka akasukuma. Kila mtu alijua kwamba kule kuna joto. Jirani zetu walipoona lile sweta zito likikua mapajani mwa Mama, walicheka kwa adabu. Hata Vumilia, aliyependa utani, hakujizuia.

"Mama, kule Pinga iko joto. Huu mupira nitauvalia wapi?"

Kwetu sweta huitwa mupira. Mama hakuinua macho kwenye sindano.

"Hautauvalia kule. Utauvaa siku ya kurudi kutusalimia. Huku kwetu iko baridi, njo maana niko naufanya munene."

Vumilia aliacha kucheka. Alikaa karibu naye, akachukua sindano na kufuma mistari kadhaa ya mkono wa kushoto mwenyewe, kwani Mama alikuwa amemfundisha tangu utotoni. Tangu hapo hakuna aliyelitania sweta lile nyumbani. Siku ya kuondoka alilivaa, jasho likimtoka chini ya jua la adhuhuri, hadi pikipiki ilipopotea kwenye kona ya mlima. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: Mama alibaki barabarani, akitazama vumbi likitua.

Habari za Pinga zilitufikia kwa mdomo wa Papa Muhindo, mfanyabiashara wa kutoka upande wa Butembo, mtu wa ibada na mkweli, aliyepeleka chumvi na sabuni kule na kurudi na mawese. Kila alipopita, Mama alimkaribisha maziwa na kumwuliza maswali yaleyale: anakula vizuri? Amekonda? Sweta amelitunza? Naye alijibu kwamba lipo, limekunjwa kwenye sanduku na majani ya kufukuza nondo. Mama alitabasamu kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni yuko njiani.

Halafu ikaja siku moja ya mvua. Papa Muhindo aliketi karibu na moto, akanywa maziwa mpaka yakaisha, ndipo akasema.

"Vumilia iko muzima, Mama. Alinisalimia akiwa ndani, hakutoka mulangoni. Nikamuuliza ule mupira."

"Akasema nini?"

"Alisema ameufumua."

"Ameufumua?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo. "Hakusema ni juu ya sababu gani?"

"Hakusema, Mama. Mvua ilikuwa inakuya, nikaondoka."

Mama alimshukuru, akamjazia tena kikombe. Lakini mgeni alipokwisha kwenda, alizichukua zile sindano za mianzi akazichomeka juu, kwenye nyasi za paa la jiko. "Nilimwambia atauvaa akirudi," alimwambia Papa. "Sasa amenijibu." Papa alijaribu kumtuliza, akasema huenda kuna sababu. Asiyekuwapo na lake halipo: hakukuwa na mtu wa kumsemea Vumilia, na njia ya kumwuliza haikuwapo, kwa maana majuma machache baadaye vita viliifunga barabara na Papa Muhindo hakupita tena. Sikumwona Mama akifuma kitu kingine. Alilima, alikamua, alitupikia. Jina la Vumilia lilipotajwa alitafuta kazi nje.

Kifua kilimshika msimu wa mvua uliofuata. Wanaume walimbeba kwa machela hadi hospitali ya Mweso, na huko wauguzi walimhangaikia kwa moyo wote, ila ugonjwa ulikuwa umeshatangulia. Tulimzika kilimani kwetu. Vumilia hakujua.

Alifika barabara ilipofunguka, akiwa na mtoto wa kike aliyeanza kutembea. Aliita kutoka mbali, "Mama! Mama, njoo uone mujukuu wako!" Papa alitoka akiwa peke yake, na kwa namna alivyosimama dada yangu akajua. Alikaa chini palepale kwenye majani yaliyoloa.

Ndipo tulipoelezwa. Mtoto, Faraja, alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mdogo kiasi cha kulala kwenye kiganja na nusu ya mkono. Usiku wa msituni, mvua ikinyesha, mwili wake ulikuwa ukipoa. Vumilia alifumua sweta akamfumia kofia, soksi na mfuko wa kumfunga kifuani, ngozi kwa ngozi. Siku Papa Muhindo alipobisha hodi, mtoto alikuwa ndani ya mfuko huo na hakuna aliyejua kama angeiona Jumapili.

"Niliogopa kumupa Mama furaha, halafu kesho nimutumie kilio," alisema. "Nikasema nitangoja mutoto apate nguvu."

Wazee husema majuto ni mjukuu. Wetu alikuwa amesimama pale, ameshika kipande cha ndizi, akitushangaa tukilia.

Siku hizi mnara wa simu umesimamishwa kilimani, na sauti ya Vumilia hunifikia kutoka Pinga kabla chai yangu haijapoa. Watoto wangu huvaa jaketi za zipu. Hakuna hata mmoja anayejua kufuma, nami sikuwahi kujifunza zaidi ya kushika uzi. Mwezi uliopita dada alinipigia kuniambia kwamba Faraja ana mimba, kwamba damu ilionekana kidogo, kwamba daktari amemlaza na hakuna anayejua itakuwaje. Aliniambia yote. Katika ukoo wetu hatusubiri tena habari iwe njema ndipo tuitume. Tunaituma ikiwa bado na hofu yake, tukaibeba pamoja. Tumejifunza hivyo, na Mama, aliyetufundisha, ndiye peke yake ambaye hatukumtumia habari kama hiyo.