Matundu ya Mize

Ami Haji, ndugu wa baba, aliponitaka nimwonyeshe jiwe la kuchomea chokaa, nilipaswa kusema sijui lilipo. Nilisema najua. Wiki hii nyumba ya jirani yangu hapa Mji Mkongwe inabanduliwa lipu, na harufu ya chokaa inayozimwa kwa maji inanifuata mpaka kitandani, ndiyo maana nawasimulieni.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, kwetu Kizimkazi. Dada yangu Mize alinizidi kwa minne. Tangu mdogo alifuatana na mama kuchokoa pweza maji yakipwa. Mchokoaji huanza kwa kulisoma tundu kabla hajaingiza kijiti: makombe yaliyotupwa mlangoni, mchanga uliosukumwa nje. Mama alizoea kusema, tundu lenye mwenyewe halifanani na tundu tupu. Mize akauchukua ujuzi huo wa pwani akaenda nao maweni, nyuma ya mashamba ya muhogo, ambako bahari haisikiki hata mvumo wake.

Huko alikishika kidole changu akakitia katika tundu la mwamba. Tundu la mzizi, alinieleza, huanza nene likaishia jembamba. Tundu lililoliwa na mvua halina umbo. Hili lilikwenda na upana uleule, likagawanyika pande mbili, na kwenye njia panda likapanuka, kama mahali pa kugeukia. Ukutani mlikuwa na vinundu vidogo vilivyopangana. Aliyelichimba, kiumbe wa mchanga wa bahari, alifinyanga vidonge vya tope akavibandika ili mchanga usimwangukie.

"Hili lina mwenyewe," Mize alisema. "Na hapa palikuwa bahari."

Mwalimu wa jiografia kutoka mjini, aliyekuja kusimamia mtihani shuleni kwetu, alimsikiliza mpaka dereva akachoka kupiga honi. Akaahidi kurudi baada ya Idi alione jiwe hilo. Baba alikwishaamua kwamba masomo ya Mize yametosha. Lakini alisema, mwalimu akirudi na akaona pana jambo, basi Mize atakwenda mjini kwa shangazi, asome.

Ami Haji alikuwa akijenga. Magogo ya tanuri lake la chokaa yalishapangwa duara, yamebaki mawe ya juu. Alinikuta nalizunguka.

"Makame, we na dadako mnashinda maweni kama mbuzi. Wapi pana jiwe linalovunjika upesi?"

Nikageuka kutazama magogo.

"Nionyeshe, na tanuri utaliwasha wewe."

Kuwasha tanuri ilikuwa fahari ya vijana waliokwishabaleghe. Nikampeleka. Jiwe lenye matundu lilivunjika kama mkate mkavu, na kila nyundo ilipopiga nilijiambia kwamba maweni kila kitu huisha ila mawe.

Mize na mama walikuwa pwani. Waliporudi moto ulikwishashika, watu wanapiga ngoma, mimi nimesimama mbele na masizi usoni. Mize alikuwa na pweza mkononi. Alitazama juu ya tanuri, akauliza nani aliyewaonyesha jiwe lile. Ami, akidhani ananisifu, akanipiga begani: "Mwanamme mwenyewe huyu hapa."

"Makame," Mize aliita.

"Naam."

"Hata kipande hukuniwekea?"

Niligeukia moto. Tanuri lilikwisha kuwa jekundu.

Mwalimu alirudi kweli. Mize alimpeleka, akamwonyesha shimo lenye alama za mtaimbo na vijiwe vilivyosalia. Mwalimu akavigeuza kimoja kimoja, akasema kwa upole kwamba matundu haya ni ya mizizi. Alisema kweli, yaliyosalia yalikuwa ya mizizi. Baba akasema basi, yamekwisha.

Jana fundi wa jirani aling'oa jiwe ukutani akaliweka barazani kwangu. Nikatia kidole. Upana uleule, njia panda, mahali pa kugeukia, vinundu. Kwa utoto wangu nilidhani nimetoa jiwe moja katika nchi iliyojaa mawe, na kweli, matundu hayo yamo hata katika kuta tunazoegemea. Aliyekuwa mmoja tu ni yule aliyejua kuyasoma, na alikubali kunifundisha.

Mize alichokoa pweza mpaka uzeeni, akafariki mwaka juzi. Hakuninyima salamu wala chakula hata siku moja. Lakini tangu siku ile hakunionyesha tena kitu chochote alichokigundua, nami sikuthubutu kumwomba. Yeye alikosa shule. Mimi nilimkosa dada, na tulikuwa tukiishi nyumba moja.