Mafuta ya Kumngojea Baba

Harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi, ule moshi mzito wa mafuta ya taa unaong'ang'ania puani, ndiyo harufu ya utoto wangu. Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi Mbulumbulu kwa bibi aliyemzaa mama. Mama alikuwa ameshafariki. Baba alikuwa fundi wa jenereta katika hoteli moja kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo, watu walisema, taa ziliwaka hadi chooni. Sisi tulikuwa na kibatari kimoja tu, cha kopo la maziwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na mafuta ya taa yalikuwa yameadimika kabisa. Siku baba aliponipeleka kwa Bibi aliniachia chupa moja iliyojaa, akaniambia, "Yabane haya, mwanangu. Kabla hayajaisha nitakuwa nimerudi."

Jamani, mtoto ni mtoto! Nikajiambia: yakiisha kabla, baba haji. Basi nikawa bahili kuliko Bibi mwenyewe. Tulikula jua halijazama, vyombo nikaviosha mwanga ukiwepo, maharage nikayapukuchua gizani kwa kupapasa. Mwanzoni Bibi alinisifu, "Akiba haiozi." Baadaye akaanza kunung'unika, "Mjukuu wangu, tutaishi kama fuko mpaka lini?" Sikumjali. Kila asubuhi niliipima chupa kwa kidole, nikiona mafuta bado yapo najua baba bado anakuja. Upweke wa siku zile sijui niuelezeje. Watoto wa jirani walikusanyika kwao jioni mbele ya taa, nami nasikiliza vicheko vyao toka gizani. Nililia mara nyingi. Giza lina faida hiyo moja, hakuna anayekuuliza una nini.

Ulipofika msimu wa kuvuna ngano, jioni moja kigiza kimeshaingia, mbwa alibweka. Nikasikia hatua zikisimama kwenye ua wa miti ya manyara, kisha mwanamume akakohoa. Akakohoa tena. "Washa taa tuone ni nani," Bibi alininong'oneza. Nami, mjuaji, nikajibu, "Mpita njia tu huyo, Bibi. Tusiharibu mafuta." Tukatulia tukisikiliza. Hatua zikaondoka.

Asubuhi jirani yetu, Mama Paulina, alileta kifurushi: gauni, sabuni, na chupa nyingine ya mafuta. "Baba yako alikuja jana na lori la ngano," akasema. "Amekuta kwenu giza. Nikamwambia mpo, akasema mama mkwe atakuwa amelala, hawezi kumwamsha. Na dereva alikuwa anapiga honi." Hapo ndipo nilipojifunza mila ambayo hakuna aliyekuwa amenieleza. Kwetu mkwe habishi hodi kwenye nyumba ya mama mkwe isiyo na mwanga. Hukohoa nje akangoja taa iwashwe, na isipowashwa huondoka kwa heshima. Bibi alishika kichwa. "Ole wangu! Mimi mtu mzima, nikamsikiliza mtoto!" Mimi nilikimbia hadi barabarani, utadhani lori lilikuwa limelala pale likinisubiri. Nilimwona baba tena baada ya miaka miwili, nikampa mkono kama ninavyompa mgeni. Hatukuzoeana tena kama zamani.

Leo ninaishi Karatu mjini, nina umeme, na kubana nabana kweli. Pasi huwashwa mara moja kwa wiki, nguo zote kwa mpigo. Friji halifunguliwi ovyo, televisheni inachomolewa ukutani, balbu ni zile zinazokula kidogo. Wanangu wameniita Mama Swichi, na waniite tu! Ila taa ya barazani huwaka tangu magharibi mpaka sote tulale, na hiyo haigusi mtu. "Mama, si unatuhubiria kila siku?" kitinda mimba wangu huniuliza. "Hiyo ya nje unamngojea nani?" Humjibu kwamba umeme wa luku nanunua mimi, aniache. Simngoji mtu. Baba tulimzika miaka mingi iliyopita, na hadi anaingia kaburini sikupata ujasiri wa kumwambia kwamba jioni ile nilikuwa macho, nimekaa nyuma ya mlango, namngoja yeye.