Mwizi Anayejulikana Mno

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni katika ofisi ya chifu mmoja karibu na Busia, nikingoja barua ya kuombea kazi, maana shule niliiachia darasa la saba. Askari wa zamu alikuwa ameinamia gazeti la visa vya mauaji na upelelezi, kidole kikifuata mstari.

Mama mmoja akaingia akihema. "Afande, maksai wangu wa kulimia ameibwa! Jirani yangu anamswaga sasa hivi avuke mpaka kwenda Tororo. Nimemwona kwa macho yangu!"

Askari akatikisa kichwa. "Pole pole, mama. Anayeshukiwa mwanzoni huwa siye. Huna adui mwingine?"

"Adui wa nini? Nakuambia kamba anayo mkononi!"

"Ndiyo hapo sasa. Mwizi halisi hujificha."

Mama alimkazia macho, akafunga leso kiunoni, akatoka mbio peke yake kuelekea mpakani.

Nilitamani kumnyang'anya askari lile gazeti nilichanechane. Ningependa kuandika kwamba tulimfuata yule mama. Ukweli ni kwamba tulisogea mezani sote, na aliyeuliza kwanza ni mimi: "Afande, kwani muuaji alikuwa nani?"