Kundi la Katikati

Kambini kwetu Jinja umri wa mtoto ulipimwa kwenye mlango wa stoo. Afande wa michezo alichora mistari miwili ya mkaa kwenye mwimo wa mlango, mmoja usawa wa kifua chake na mwingine usawa wa kidevu. Ukiwa chini ya mstari wa kwanza, uliambiwa upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto, kama tulivyofanyiwa sote siku ya kuanza shule. Usipolifikia, wewe ni wa kundi la wadogo. Ukilifikia, au kichwa chako kikiwa kati ya mistari miwili, unakwenda katikati. Ukiupita mkaa wa juu, wewe ni mkubwa, na hakuna aliyekuuliza zaidi.

Watu wa mjini walitucheka, lakini afande angefanya nini? Sisi watoto wa askari magereza hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa. Wazazi wetu walitoka Teso, Lango, Acholi, wakahamishwa huku na huko, na makaratasi yaliungua au yalipotea njiani pamoja na vyombo. Ndiyo maana tulikua tukisema Kiswahili cha kambi, kwa sababu jirani wa kushoto hakujua lugha ya jirani wa kulia.

Mchezo wenyewe ulikuwa besiboli. Uliletwa na mwalimu mmoja wa kujitolea, Mmarekani, aliyekaa nasi mihula miwili kisha akaenda zake akituachia sanduku la glavu, marungu matatu, mipira, na kijitabu cha Kiingereza. Afande hakupenda kusoma Kiingereza mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa nyumbani kungoja matokeo na kumkasirisha mama, basi akanikabidhi kijitabu na daftari la majina. Nikawa karani wa besiboli. Msichana wa miaka kumi na saba mwenye kalamu yake, kambini! Nilitembea kama nimepandishwa cheo.

Kijitabu kilikuwa na mambo ya ajabu kwetu tuliozoea mpira wa miguu, ambao mwenye nguvu hucheza na mnyonge huokota mpira majanini. Kilisema wadogo wasirushiwe mpira kabisa. Uwekwe juu ya mti, mtoto aupige ukiwa umetulia. Afande akasimika bomba kwenye rimu ya gari iliyojazwa saruji, akalivika kipande cha mpira wa maji juu. Kila mtoto alipiga, na hakuna aliyehesabu nani ameshinda. Wapo waliopiga wakakimbilia kwa mama zao badala ya kwenye besi, yaani vile vituo vinne vya kukimbilia, na kambi nzima ilikuja kuwatazama kila Jumamosi. Wa katikati, miaka tisa hadi kumi na miwili, walirushiwa mpira na afande mwenyewe, polepole, na hatua kutoka besi moja hadi nyingine zilikuwa ishirini na tano. Kila mmoja lazima acheze, hata yule ambaye mpira ulipita katikati ya mikono yake kila siku. Wakubwa ndio waliocheza besiboli yenyewe. Mpira mgumu, hatua thelathini na tano, mrushaji mwenzao aliyerusha kwa hasira, ruhusa ya kuiba besi, yaani kukimbilia kituo cha mbele kabla mpira haujapigwa, na aliyeshindwa akakaa benchi.

Mdogo wangu alitaka kuwa mrushaji wa wakubwa. Namwita mdogo wangu, ingawa alikuwa mtoto wa shangazi yangu, dada yake baba. Shangazi alifia kwenye kambi ya watu waliohamishwa wakati wa vurugu za Teso, na mtoto akaletwa kwetu akiwa na shati moja na maneno machache. Maneno hayo aliyasema kwa kila mtu aliyemuuliza chochote.

"Mama alinizaa wakati Watanzania wanapita."

Alimaanisha mwaka ule jeshi la Tanzania lilipoingia nchini. Wakati ninaousimulia, basi, alikuwa na miaka kumi na minne. Lakini alikuwa mfupi, miguu myembamba, macho yana manjano kidogo, na kila msimu wa mvua mifupa ilimuuma mpaka akauma blanketi. Baba hakujua mwaka wa kuzaliwa wa mpwa wake kwa sababu alikuwa kazini mbali. Aliyejua ni bibi yetu huko kijijini, aliyekata kitovu, na mtoto mwenyewe. Hakuwa na picha ya mama yake, wala kitenge chake. Alikuwa na huo mwaka tu.

Siku ya kupimwa alisimama kwenye mlango wa stoo, kichwa chake kikaishia vidole viwili chini ya mkaa wa juu.

"Wewe iko na miaka ngapi?" afande aliuliza.

"Kumi na ine, afande."

Watoto wakaangua kicheko. Afande naye alitabasamu, ila hakuwa mtu mbaya. Akanigeukia. "Dada, hii ni ndugu yako. Wewe andika kitu ya kweli."

Nikaandika kumi na mmoja.

Nimejieleza mara nyingi kwa nini. Kwa muda mrefu nilisema niliuogopa mpira mgumu kwa mifupa yake, na kweli niliuogopa. Lakini wiki hiyo barua ilikuwa imetoka Mbale, ikialika kundi letu la katikati likacheze na la kwao, na kijitabu kilidai wachezaji tisa. Sisi tulikuwa na wanane. Karani angesafiri pamoja na timu. Mimi sikuwa nimewahi kufika Mbale, na nilitaka kwenda Mbale. Basi. Hiyo ndiyo sababu, na sikumwambia mtu.

Yeye alijua kusoma. Jioni ile alilifunua daftari la majina, akaweka kidole kwenye mstari wake.

"Dada, umeondoa mwaka yangu."

"Ni ya Mbale tu. Tukirudi nitarekebisha."

"Utarekebisha kweli?"

"Nimesema."

Hakununa. Angenuna ningepata la kumkaripia. Alifunga daftari polepole, akalipanguza vumbi kwa mkono wa shati, akanirudishia.

Tulikwenda kwa lori la magereza, tumekaa juu ya magodoro, tukiimba mpaka sauti zikakauka kabla ya kufika Iganga. Uwanja ulikuwa wa shule moja upande wa Nkoma, na mlima wa Wanale ulikuwa pale juu yetu, maji yake yakianguka kama uzi mweupe. Nilifurahi. Nasema kwa sababu ni kweli, nilifurahi kama mjinga, nilikuwa nimevaa sketi ya kuazima.

Kocha wa Mbale, mwalimu mzee mwenye suti ya kaki, alikuwa na utaratibu wake. Hakupima urefu, alipima meno. Kila mtoto alifungua kinywa, yeye akatazama magego ya nyuma, kisha mtoto akataja umri wake kwa sauti mbele ya timu zote mbili. Alipofika kwa mdogo wangu alitazama kwa muda mrefu kuliko kwa wengine. Akaingiza hata kidole.

"Huyu magego ya pili yote yameota, na hayo huja baada ya miaka kumi na miwili," akasema. "Karani, una hakika?"

"Ni ndugu yangu, mwalimu," nikajibu. "Namjua tangu anazaliwa."

Sikumjua tangu anazaliwa. Mwalimu akamwambia ataje mwenyewe. Mdogo wangu alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama anayengoja nibadilishe. Nilijifanya nachonga penseli.

"Kumi na moja," akasema.

"Sauti!"

"Kumi na moja, bwana."

Alicheza vizuri kuliko wote siku hiyo. Aliupiga mpira ukavuka mpaka wa migomba, akazunguka besi zote kwa ile mbio yake ya kuchechemea, watoto wetu wakambeba. Tulishinda. Mwalimu wa Mbale alitugongea muhuri wa shule kwenye kadi ndogo, kila mchezaji kadi yake, yenye jina, timu na mwaka wa kuzaliwa uliopigiwa hesabu kutoka daftari langu. Watoto wengine walizivaa shingoni kwa uzi safari nzima. Ya kwake aliniwekea mapajani.

"Hii si ya mimi," akasema. "Weka wewe."

Niliporudi nilikuwa na sababu za kutorekebisha. Daftari liliandikwa kwa wino. Afande alisifiwa na mkuu wa gereza kwa ushindi, na mimi ningeanzia wapi kumwambia kwamba ushindi wake una kasoro? Halafu Mbale walisema watakuja Jinja mwezi ujao, na walitaka wachezaji wale wale. Kila Jumamosi mdogo wangu alikwenda kukaa karibu na wakubwa, akitazama mkono wa mrushaji wao, akirudia ule mzunguko wa bega bila mpira. Kisha afande akapiga filimbi, naye akainuka akarudi katikati, kwa watoto wa miaka kumi.

"Dada, lini?"

"Jumamosi ijayo."

Mvua za mwaka ule zilikuja mapema. Mifupa ilimshika kifuani, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, na baba akambeba mpaka hospitali. Mapokezi walitaka karatasi yoyote, na karatasi pekee aliyokuwa nayo duniani ilikuwa ile kadi ya Mbale. Baba alikuwa ameichukua kwenye vitu vyangu, akaitoa. Wakampeleka wodi ya watoto, kwenye kitanda kifupi ambacho miguu yake ilitokeza nje ya vyuma. Muuguzi alipopita kumuuliza umri alimjibu kumi na ine, na yule mama akamwambia kwa upole kwamba usitake kukua haraka hivyo, mwanangu. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji pale pale. Nilikuwa na nafasi. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, nami nikakoroga uji.

Daktari aliutaja ugonjwa wake kwa Kiingereza. Siku hizi nasikia ukiitwa selimundu. Alisema watoto wengi wa mashariki ya nchi yetu wanazaliwa nao na kwamba besiboli haikuhusika. Namwamini. Silii kwa ajili ya besiboli. Alifariki siku ya nne, asubuhi, wakati mama amekwenda kufua shuka zake.

Seremala wa gereza alitengeneza jeneza na msalaba wa mvule. Akamwuliza baba aandike nini. Baba, ambaye uso wake ulikuwa umekauka kabisa, akamnyooshea kadi. Nilimfuata nyuma ya karakana.

"Baba, ile mwaka si yake."

"Nini?"

"Ile mwaka kwa kadi. Mimi ndiyo niliandika. Alikuwa mkubwa."

Alinitazama kama nazungumza lugha asiyoijua. "Karatasi iko na muhuri," akasema. "Leo si siku ya kuleta maneno. Nenda saidia mama yako." Nami nilikwenda, na hilo ndilo sijisamehei, kwamba nilikwenda. Nilipotazama nyuma rangi nyeupe ilikuwa tayari mbaoni.

Tulimpeleka Teso kwa lori lile lile, njia ile ile. Tulipita Mbale, tukapita uwanja, watoto walikuwa wanacheza mpira wa miguu. Hakuna aliyeimba. Afande wa michezo alikaa mbele na dereva, ameshika kwenye magoti glavu ya wakubwa, ile ya mrushaji, aliyotaka mdogo wangu azikwe nayo. Mpaka leo sijui aliipatia wapi hiyo fikira, kama alikuwa amekisia au alikuwa amemwona tu kijana akizungusha bega. Sikuthubutu kumwuliza.

Baada ya kuzika watu walitawanyika kwenda kunawa. Bibi alibaki, na mimi nikabaki naye kwa sababu alikuwa amenishika mkono. Hakujua kusoma. Alipitisha vidole vyake juu ya rangi ya msalaba, herufi moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye tarakimu.

"Hapa wameandika nini?" akaniuliza kwa Kiteso.

"Wameandika mwaka aliozaliwa, bibi."

"Mwaka gani? Nisomee."

Niliinama karibu na mbao, kama mtu anayesoma. Nikamsomea mwaka ule Watanzania walipopita.

"Eh," akasema, akitikisa kichwa. "Ndiyo huo. Nilikuwa nimemshika mama yake, na magari yao yanapita barabarani." Akaupapasa mti tena, pole pole, pale pale kwenye tarakimu zangu. "Afadhali wameandika vizuri."