Mbwa wa Kiprono Anayechoka Usingizini

Adhana ya alfajiri imeshakwisha, na ukungu umeyalalia mashamba ya Umm Salal, nje ya Doha, hata mitende haionekani ila vichwa. Philipo Kiprono amechuchumaa mlangoni mwa banda, ameshika mguu wa mbwa kama fundi aliyeshika kiatu cha mteja. Anaugeuza. Anapapasa katikati ya vidole. Mchanga unamwagika.

"Jana nilimpaka hina miguu yote minne," anasema bila kuinua kichwa. "Tazama, imelika yote. Na kufuli hii hapa, vile niliiacha ndivyo nimeikuta."

Mbwa mwenyewe, jike la saluki liitwalo Sarabu, anatazama ukungu. Ulimi uko nje. Anahema kama aliyetoka mbali sana.

Kiprono ni mzaliwa wa Iten, Kenya, mahali ambapo ukirusha jiwe litampata mkimbiaji, na hata huyo utalazimika kumkimbiza ndipo umwombe radhi. Naye alikimbia, mpaka goti likamkatalia. Akaja Doha mwaka 2009 kulinda lango la hoteli. Huko ndiko alikookotwa na mwajiri wake wa sasa, mzee wanayemwita Bu Jasim.

"Aliniuliza, wewe ni wa wale watu wa mbio? Nikasema ndiyo, baba. Akasema, basi njoo ukimbie na mbwa wangu."

Saluki huwinda kwa macho. Akimwona sungura, hakuna tena cha kumrudisha. Nyayo zake hupakwa hina ili ngozi ikomae, isichanwe na changarawe. Hiyo ndiyo kazi ya Kiprono: kupaka hina, kulisha, kukimbia nao, na kunyamaza wenye mbwa wanapobishana.

Na ubishi wao mkubwa ni mmoja. Mbwa akiwindishwa usiku kwa taa za gari, je, mchana atakimbia vilevile? Mpwa wa Bu Jasim, anayependa sana taa na gari, husema usiku humnoa mbwa. Kiprono ana maoni yake.

"Mbwa wa usiku anazoea kukimbilia mwanga. Sasa mchana mwanga wa taa hauko. Anafika katikati, anasimama, anageuka kuuliza."

Hivyo ndivyo alivyofanya Sarabu kwenye majaribio ya Ijumaa iliyopita. Aliwaacha wenzake mbali, kisha akasimama ghafla jangwani. Ila hakugeukia magari. Aligeukia upande mtupu, masikio yamesimama, kama aliyeitwa.

Bu Jasim hakupaza sauti. "Kipro, wewe unatoa yeye usiku?"

"Hapana, baba."

"Ijumaa ingine akisimama, anaenda kwa mchunga ngamia, kule mpakani. Khalas."

"Huko hamalizi kiangazi," anasema Kiprono, akimfuta Sarabu pua kwa kiganja. "Nimemlea tangu hajafungua macho."

Ndipo akaamua kulala na kamba: upande mmoja shingoni mwa mbwa, upande wa pili kifundoni mwake. Hadijah, Mganda anayepika katika nyumba kubwa, aliwakuta hivyo asubuhi akacheka mpaka birika likamtetemeka mkononi.

"Sasa kaka, hapo nani amefungwa na nani?"

"Cheka tu, dada. Njoo uone miguu."

Fundo la kamba lilikuwa lilelile. Hina ilikuwa imelika. Hadijah aliacha kucheka, na tangu siku hiyo chai ya Kiprono anaiacha getini.

Leo, Jumanne, ukungu unapoanza kuinuka, Kiprono anazunguka nyuma ya uzio. Ardhi huko ina umande, na nyayo zimekaa wazi. Za mbwa wawili, bega kwa bega. Mmoja ana vidole vyote. Mwingine, mguu wa mbele wa kulia, ana vitatu.

Kiprono anachuchumaa, anaweka vidole vyake juu ya alama hiyo.

Mguu ule anaujua. Ni wa Ghaima, dada yake Sarabu, aliyekatwa kidole na waya akiwa mdogo. Na Ghaima alikufa Novemba. Mpwa wa mzee alimtoa kuwinda usiku, mbwa akampita sungura, akaupita na mwanga wenyewe, akatumbukia kwenye shimo la wachimba mawe. Kijana ndiye aliyemzika, nyuma ya uzio huohuo, kabla Kiprono hajaamka.

Getini, Hadijah anaisikiliza habari hiyo ameshika mtandio kifuani. Kisha anauliza swali moja tu.

"Njuga yake mliivua?"

Mbwa wa usiku hufungwa njuga shingoni ili mwenye gari amsikie gizani. Uwindaji ukiisha, anavuliwa njuga kwanza, ndipo anapewa nyama. Hivyo ndivyo anavyojua kazi imekwisha. Kiprono anaugeukia msumari wa njuga kwenye ukuta wa banda. Mtupu.

"Basi bado yuko kazini, kaka," anasema Hadijah.

Kesho yake, Jumatano, jua likiwa juu, Kiprono alichukua sepetu akaenda nyuma ya uzio. Uso wa Ghaima hakuutazama. Mkanda ulikuwa umeanza kuoza. Njuga ilikuwa inang'aa kama iliyotoka kusuguliwa na mchanga. Aliivua, akaweka pande la nyama, akafukia.

"Nikamwambia, khalas Ghaima, kazi imeisha. Kwa Kiarabu. Kiswahili hakujua."

Alhamisi hina ya Sarabu ilikuwa nzima, nyekundu, miguu yote. Ijumaa alipita pale mahali bila hata kupepesa sikio, akamfikia sungura peke yake.

"Anabaki," alisema Bu Jasim.

"Si nilisema?" mpwa wake akadakia. "Usiku hauharibu mbwa." Jioni alikuja bandani kuulizia njuga, ana mbwa mpya wa kufunza. Kiprono alimwambia imepotea.

Haijapotea. Imo mfukoni mwa koti lake, imezibwa pamba. Mkataba wake unaisha Juni, na atapanda nayo ndege mpaka Iten, ambako anataka kufundisha mbio watoto wa pale.

"Kukimbia wanajua tayari," anasema. "Mimi nitawafundisha kujua mbio zimeisha. Hilo, kwetu, hakuna mtu anakwambia."

Anaupapasa mfuko. Hakuna kinacholia. Lakini Sarabu, aliyelala miguuni pake, anainua masikio. Kisha anajivuta kando kidogo, kama anayempisha mwenzake alale.